Je, wajua kwa nini filamu ikirudiwa mara mia, mwigizaji halipwi mara mia?

Nilikuwa kwenye basi la Arusha kwenda Dar es Salaam, na kwenye runinga ndogo iliyoning'inia nyuma ya dereva walikuwa wameweka Nairobi Half Life. Nilikuwa nimeshaiona mara nne au tano. Nikamwambia jirani yangu wa kiti, mzee mmoja aliyepakata mkoba wa nyaya, kwamba vijana hawa lazima wanakula vizuri, maana kila basi linaloicheza na kila televisheni inayoirusha inawaongezea kitu. Mzee akanitazama kwa upole. "Mwigizaji hulipwa siku za kazi, mwanangu. Basi likirudia, analipwa nani?"

Kumbe alikuwa fundi wa taa, amefanya kazi kwenye filamu na matangazo miaka mingi. Nilibishana naye mpaka Korogwe. Niliposhuka Ubungo nilikuwa bado naamini niko sahihi. Ilinibidi nisome sana kabla ya kukubali kwamba yeye alikuwa na hoja na mimi nilikuwa na dhana tu.

Kwa asiyeifahamu, Nairobi Half Life ni filamu ya uhalifu ya Kenya ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD huku akiigiza vipande vyake mbele ya wateja. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa alipofika tu, anaishia rumande, na huko anakutana na Oti, mkuu wa genge linaloiba vipuri vya magari. Tangu hapo anaishi nusu jukwaani na nusu kwenye wizi. Joseph Wairimu, aliyemcheza Mwas, alitunukiwa uigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la kimataifa la filamu la Durban mwaka huohuo. Kenya ikaipeleka kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hiyo kupeleka filamu yoyote. Haikuingia kwenye tano za mwisho.

Ni filamu huru, yaani haikutoka kwenye studio kubwa. Ilizaliwa kwenye mafunzo ya One Fine Day Films, kampuni iliyoanzishwa na mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, kwa kushirikiana na DW Akademie, kitengo cha mafunzo cha shirika la utangazaji la Ujerumani, na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Vijana wa hapahapa walifundishwa, kisha wakatengeneza filamu yao.

Sasa turudi kwenye kosa langu, kwa sababu nimegundua si langu peke yangu. Karibu kila mtu niliyemuuliza anaamini hivyohivyo, na imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka: muziki. Tumezoea kusikia kwamba wimbo ukipigwa redioni, mwanamuziki ana mirabaha yake, yaani malipo ya kazi yake kutumiwa. Tumesikia wasanii wakidai mirabaha, serikali zikiahidi mirabaha, vyama vikigawa mirabaha. Basi tunachukua kanuni ya wimbo na kuivisha filamu. Sura inaonekana, sauti inasikika, mwenye sura atakosaje chake?

Lakini sheria haikuwahi kuwatazama wawili hawa kwa jicho moja. Mwaka 1961, huko Roma, nchi kadhaa zilitia saini mkataba wa kuwalinda watendaji wa sanaa (yaani wanamuziki, waigizaji na wenzao), watengenezaji wa santuri na vituo vya utangazaji. Mwanamuziki alipata humo ulinzi wake. Kisha inakuja ibara ya 19, fupi sana, inayosema kwamba mtendaji akisharidhia utendaji wake uingizwe kwenye picha, basi ulinzi wa ibara ya 7, ile inayohusu haki za watendaji, haumhusu tena. Niliisoma mara tatu. Maana yake ni kwamba mwigizaji akikubali kusimama mbele ya kamera, mkataba ule unamwachia hapo. Kinachobaki ni alichoandikiwa kwenye karatasi yake na mtayarishaji, au alichopewa na sheria ya nchi yake, kama ipo.

Pengo hilo lilikaa miaka 51. Tarehe 24 Juni 2012, mjini Beijing, ulipitishwa mkataba mwingine wa kuwapa watendaji wa filamu na televisheni haki zao. Mwezi uliofuata, Nairobi Half Life ilikuwa Durban. Mkataba wa Beijing haukuanza kufanya kazi mpaka Aprili 2020, zilipotimia nchi 30 zilizouridhia. Na hata humo, nchi inaruhusiwa kusema kwamba mwigizaji akisharidhia kurekodiwa, haki zinahamia kwa mtayarishaji isipokuwa mkataba wao uwe umesema vingine. Kwa hiyo kila njia inaturudisha kwenye karatasi ile waliyosainiana.

Karatasi hiyo husema nini? Hapa naeleza desturi ya filamu huru kwa jumla, si mkataba wa mwigizaji fulani wa filamu hii. Desturi ni ujira wa mkupuo: kiasi fulani kwa siku, au kiasi fulani kwa kazi nzima, na mwigizaji anakabidhi kila kitu. Mzee wa taa alinifananishia na fundi wa nyumba. Fundi anajenga, analipwa, anaondoka. Miaka 20 baadaye wapangaji bado wanalipa kodi kila mwezi, na hakuna anayeshangaa kwamba fundi haji kuchukua chake. Nyumba ni ya mwenye nyumba.

Nilimjibu kwamba fundi hatumuoni ukutani, lakini mwigizaji tunamuona kwenye kioo, yeye mwenyewe ndiye tofali. Bado naona hoja yangu ina uzito, na ndiyo hoja iliyowapeleka watu Beijing. Lakini haikubadili kitu kwenye karatasi.

Kuna waigizaji wachache wanaopata zaidi ya ujira: wanaahidiwa asilimia ya faida. Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na inafaa kulielewa polepole, kwa sababu neno "faida" kwenye filamu halina maana tuliyoizoea dukani.

Chukua nyumba ya bati yenye gata. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwenye gata na kuingia pipa la kwanza. Pipa la kwanza likijaa ndipo yanamwagikia la pili, la pili likijaa yanakwenda la tatu. Mtu aliyeshika ndoo kwenye pipa la sita anaisikia mvua vizuri tu, anaona bati likitiririsha maji, na ndoo yake ni kavu. Hajaibiwa. Mvua haijatosha kumfikia.

Mvua ni pesa ya tiketi na ya televisheni. Kabla hata ya pipa la kwanza, jumba la sinema hubaki na sehemu yake, mara nyingi karibu nusu ya tiketi. Pipa la kwanza ni la msambazaji, anayechukua kamisheni yake. La pili pia ni lake, maana anarudisha gharama za mabango, matangazo na kusafirisha filamu. La tatu ni la wakala aliyeiuza nchi za nje, naye ana kamisheni na gharama zake. La nne ni la walioweka fedha, na wao kwa kawaida hurudishiwa mtaji pamoja na nyongeza. Kama fedha ilikuwa ruzuku isiyodaiwa, pipa hili huwa dogo. La tano ni la waliokubali kusubiri sehemu ya ujira wao. Baada ya hapo ndipo kinachobaki kinaitwa faida, na asilimia ya mwigizaji inahesabiwa hapo.

Anayejua daladala ataelewa haraka zaidi. Abiria wamebanana tangu alfajiri, nauli zimekusanywa, lakini dereva na kondakta hawagawani hizo nauli. Kwanza mafuta, kisha hesabu ya tajiri, kisha pancha kama imetokea. Chao ni kinachozidi. Siku ya foleni wanaweza kubeba watu mia tatu na kurudi nyumbani mikono mitupu, na kila abiria atasema gari lilijaa.

Ndiyo maana filamu inaweza kujaza kumbi, ikasifiwa na ikazunguka dunia, na bado kwenye vitabu ikawa haijazaa faida hata senti. Wakati mwingine ni ujanja wa mahesabu, na kesi za aina hiyo zimefika mahakamani huko Marekani. Mara nyingi zaidi, nadhani, ni mapipa tu.

Zaidi ya hayo, kuna mvua isiyopita kwenye gata kabisa. Mwas mwenyewe, kwenye filamu, anasimama kijijini akiuza DVD za filamu za Marekani na kuwaigizia wateja watu waliomo. Kwenye biashara kama hiyo, DVD inapouzwa, pesa inaishia mfukoni mwa muuzaji na kwa aliyemnakilia. Basi letu lilikuwa hivyohivyo: sikuona dalili kwamba kuna mtu aliyelipia ile filamu.

Basi wazo la mwigizaji kulipwa kila filamu inaporudiwa nililitoa wapi? Nililitoa Hollywood, na huko lipo kweli. Ila lina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1960 waigizaji wa Marekani, wakiongozwa na rais wa chama chao, Ronald Reagan, yuleyule aliyekuja kuwa rais wa nchi, waligoma kuanzia Machi 7 hadi Aprili 18. Walidai kwamba filamu ya sinema ikipelekwa televisheni, nao walipwe. Walipata, lakini kwa filamu zilizotengenezwa kuanzia 1960. Zile za nyuma walizisamehe, na badala yake studio zikatoa dola milioni 2.25 za kuanzisha mfuko wa pensheni na afya.

Hebu lifikirie hilo. Mastaa wakubwa wa miaka ya 1930, 1940 na 1950, ambao filamu zao zimeonyeshwa usiku baada ya usiku kwa miongo, makubaliano yale hayakuwapa malipo ya marudio hata kidogo. Sura zao zilikuwa maarufu kuliko za waliowafuata. Tofauti ilikuwa tarehe na chama. Na vita havikuishia hapo: mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, na moja ya madai makubwa lilikuwa malipo ya marudio kwenye majukwaa ya intaneti.

Kenya nayo imekuwa na PRISK, chama cha kukusanya mirabaha ya watendaji, waigizaji wakiwamo. Lakini chama cha kukusanya mirabaha kinahitaji watu wa kulipa, kuanzia vituo vya televisheni na hoteli hadi mabasi, na kukusanya kutoka kwa basi moja baada ya jingine ni kazi ngumu mno.

Nikawa na swali la pili. Kama filamu ikirudiwa hailipi, kwa nini watu wanaililia nafasi kama ya Mwas? Jibu liko kwenye walikokwenda baadaye. Paul Ogola, mmoja wa genge, alionekana mwaka 2015 kwenye Sense8, tamthilia ya Netflix, akicheza Jela, rafiki wa dereva wa matatu. Sehemu za Nairobi za msimu ule wa kwanza ziliongozwa na nani? Tom Tykwer. Aliyekuwa nyuma ya Nairobi Half Life alijua vipaji vya Nairobi kwa macho yake.

Anayenivutia zaidi ni Mugambi Nthiga, aliyecheza Cedric, mwigizaji wa jukwaani. Yeye alivuka upande wa pili wa kamera. Aliandika Kati Kati ya mwaka 2016 pamoja na mwongozaji wake Mbithi Masya, akawa mmoja wa waandishi wa Supa Modo ya 2018, na mwaka 2019 akaongoza filamu yake, Lusala. Anayeandika na kuongoza anasogea juu kwenye mstari wa mapipa, au walau anakuwepo pale mapipa yanapopangwa. Mwaka 1992, kwenye Reservoir Dogs, filamu huru ya uhalifu ya Marekani, mwigizaji mashuhuri Harvey Keitel alifanya jambo la jamii hiyo. Quentin Tarantino, aliyekuwa karani wa duka la kukodisha video, alipanga kuitengeneza kwa dola 30,000 tu. Keitel alisoma mswada, akakubali kuigiza na pia kuwa mtayarishaji mwenza, na jina lake likavuta fedha mpaka bajeti ikapita dola milioni 1.

Olwenya Maina, aliyemcheza Oti, alifariki mwaka 2022. Wengi wetu tulimlilia kwa jina la Oti, miaka 10 baada ya filamu. Mhusika yule ameendelea kuishi mabasini, kwenye simu na vibandani.

Mzee wa taa hakuwa mtu wa manung'uniko. Tulipokaribia Chalinze aliniambia anachowausia vijana anaokutana nao kazini, na tangu hapo nami huwauliza waigizaji ninaowafahamu. Kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi, uliza inauzwa wapi na kwa miaka mingapi. Uliza kama televisheni na intaneti vimetajwa au vimefichwa ndani ya maneno "njia zote". Na ukiahidiwa asilimia, uliza ni asilimia ya pipa lipi.