Kwa Nini Fimbo ya Mchawi Haiwezi Kutoa Ugali

Katika riwaya za Harry Potter kuna sheria moja ambayo wasomaji wengi huipita haraka, lakini mimi naona kwamba tukiielewa hiyo tutakuwa tumeuelewa uchawi wote wa ulimwengu ule. Ni Sheria ya Gamp kuhusu ugeuzaji wa vitu, yenye mambo makuu matano yasiyowezekana, na la kwanza kati ya hayo ni chakula. Katika kitabu cha saba, kilichotoka mwaka 2007, Hermione, mchawi kijana rafiki wa Harry, anawaeleza wenzake, wakiwa mafichoni na njaa inawauma, kwamba chakula kizuri hakiwezi kutengenezwa pasipo na kitu. Unaweza kukiita kije ikiwa unajua kilipo, unaweza kukigeuza, na unaweza kukiongeza ikiwa tayari unacho kidogo, basi.

Ninafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Dodoma, na swali la namna uchawi huo unavyofanya kazi hujadiliwa sana na wanafunzi wangu baada ya vipindi. Nadharia inayopendwa na wengi wao ni kwamba mchawi ana nguvu fulani ndani ya mwili wake, na kwamba nguvu hiyo, ikipitishwa kwenye fimbo, ndiyo hugeuka kuwa kitu. Siikubali nadharia hiyo, na kinachonizuia ni hesabu.

Tangu mwaka 1905 tunajua kutoka kwa Albert Einstein kwamba maada na nishati zinaweza kugeuzana, na kwamba maada kidogo mno ni sawa na nishati nyingi mno. Kuumba gramu 1 ya unga kutokana na nishati tupu kunahitaji jouli (kipimo cha nishati) trilioni 90. Mitambo ya bwawa la Mtera, lililopo mpakani mwa Dodoma na Iringa, ina uwezo wa megawati 80. Ikizalisha kwa uwezo wake wote usiku na mchana, itachukua siku 13 kufikisha nishati ya gramu hiyo moja. Kwa kilo moja ya unga wa uwele tungesubiri zaidi ya miaka 35. Ukigeuza hesabu upande wa pili, hali inakuwa ya kutisha. Wanafunzi wa Hogwarts, shule ya uchawi ya riwaya hizo, hufundishwa kutowesha konokono, na konokono wa gramu 10 akigeuka kuwa nishati, atatoa zaidi ya mara 10 ya nishati iliyoiteketeza Hiroshima mwaka 1945. Darasa zima linafanya zoezi hilo mezani, na hakuna hata kioo cha dirisha kinachopasuka.

Kwa hiyo maada ya konokono yule haigeuki kuwa nishati, bali inatawanyika. Ushahidi wake umo kitabuni: katika kitabu cha saba Profesa McGonagall, mwalimu wa ugeuzaji wa vitu shuleni hapo, anaulizwa vitu vilivyotoweshwa huenda wapi, naye anajibu kwamba huenda kwenye kutokuwepo, yaani kwenye kila kitu. Jibu hilo huchukuliwa kuwa fumbo la kifalsafa, lakini mimi nalisoma kama jibu la mtaalamu wa somo lake. Atomi za konokono zimerudi hewani, mezani na sakafuni, na uchawi haukuziumba wala haukuziangamiza. Ulichofanya ni kuzihamisha na kuzipanga upya.

Nadharia hii ya kuhamisha na kupanga inapaswa kupimwa kwa maji, kwa sababu tamko la Aguamenti hutoa maji safi kwenye fimbo, nasi watu wa nyanda kavu hatuwezi kulipita jambo hilo bila kuuliza. Tuchukue darasa lenye urefu wa mita 9, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3, mchana wa Oktoba, mvua zikiwa bado mbali na vumbi likiwa limetanda hadi kwenye madaftari. Hata katika ukame huo, mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 35 hubeba takribani gramu 10 za mvuke. Darasa lote lina karibu lita 2 za maji yasiyoonekana, kwa hiyo glasi moja ya mililita 250 inapatikana bila kuvunja kanuni yoyote. Gharama ipo, kwa kuwa mvuke ukigeuka maji huachia joto, na kwa glasi hiyo moja hewa ya darasa ingepanda karibu nyuzi 3. Laiti mwandishi angemwacha mhusika mmoja atokwe jasho baada ya Aguamenti, mjadala huu ungekuwa umekwisha.

Sasa turudi kwenye chakula. Ikiwa maji yanaweza kuvutwa kutoka hewani, kwa nini ugali usipatikane kwa njia hiyohiyo, wakati kaboni, haidrojeni na oksijeni za wanga zote zimo hewani? Kwa maoni yangu kikwazo ni taarifa. Molekuli ya maji ina atomi tatu tu, na mpangilio wake ni mmoja. Chembe ya uwele ina wanga, protini, mafuta na madini, kila kimoja mahali pake, na hakuna binadamu anayeweza kuushika mpangilio huo wote akilini. Ndiyo maana Hermione anasema chakula kilichopo kinaweza kuongezwa, kwa sababu tonge lililopo ni kama kalibu ya tofali: udongo unatoka popote, lakini bila kalibu hupati umbo. McGonagall naye, katika kitabu cha tano cha mwaka 2003, anafundisha kwamba ugumu wa kutowesha mnyama huongezeka kadiri mnyama huyo anavyokuwa changamano, na kwamba panya, akiwa mamalia, ni mgumu kuliko konokono. Kama kilichohitajika kingekuwa nguvu peke yake, uzito ndio ungekuwa kipimo, wala si uchangamano.

Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono hapo. "Mwalimu, na wale ndege wa Hermione je?" Ni pingamizi zito kuliko yote niliyowahi kusikia, kwa kuwa katika kitabu cha sita Hermione anatoa kundi la ndege wadogo wa manjano hewani, na ndege ni changamano kuliko kipande cha mkate. Jibu langu ni kwamba ndege wale wanatakiwa waonekane, walie na waruke kwa muda mfupi, na kwa kazi hiyo umbo la nje na mwendo vinatosha. Chakula hupimwa na tumbo, molekuli kwa molekuli, na vimeng'enya vya mwili haviyeyushi kitu kilichokosewa mpangilio. Naamini mtu akimla mmoja wa ndege wale hatashiba.

Fimbo yenyewe haina uzito mkubwa katika nadharia hii. Mwaka 2016 J.K. Rowling, mwandishi wa riwaya hizo, aliandika kuhusu Uagadou, shule ya wachawi iliyoko Milima ya Mwezi nchini Uganda, akaeleza kwamba fimbo ni uvumbuzi wa Ulaya na kwamba wachawi wengi wa Afrika hutumia kidole au ishara za mkono. Wanafunzi wa shule hiyo wanasifika kwa kujigeuza wenyewe, na hilo linakubaliana na hoja ya taarifa, maana mwili wa mtu ndio kitu anachokijua kwa undani zaidi.

Lakini wenye umri wa miaka 14 huko hujigeuza hata kuwa tembo, na hapo bado nina kazi. Mtoto wa kilo 50 anayekuwa tembo wa tani 4 anahitaji karibu kilo 3,950 za maada kwa mara moja. Zikitoka hewani peke yake, ni hewa ya madarasa yapatayo 20 kama lile langu, nayo haina kalsiamu ya mifupa. Kwa hiyo sehemu fulani lazima itoke kwenye mwamba wa mlima ambao shule hiyo imechongwa ndani yake. Hewa nyingi kiasi hicho ikivutwa ghafla lazima pawe na upepo mkali unaoelekea kwa mtoto, na anapojirudisha kuwa mtu, upepo huo uvume kuelekea nje.