Tairi Pana kwa Gari la Kila Siku: Maneno ya Kijiweni na Ukweli wa Barabarani

Subaru Impreza WRX STI za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka kiwandani na tairi 225/45R17 (225 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi), kwenye rimu yenye upana wa inchi 7 na nusu. Ninalo moja la aina hiyo. Ndilo linalonipeleka kazini, sokoni, na Morogoro kwa wazazi mwisho wa mwezi. Miaka kadhaa iliyopita nilibaki na rimu zilezile nikazivalisha 245/40R17, kwa sababu kila niliyemuuliza aliniambia jambo moja: ongeza upana, gari litanata.

Siku moja fundi mzee wa matairi alinichorea mstari wa chaki kukatisha tairi la mbele, toka ukingo mmoja hadi mwingine. Akaniambia nitembeze gari polepole mita 50 kwa kunyooka, nirudi. Katikati chaki ilikuwa imefutika yote. Kwenye kingo zote mbili ilibaki nyeupe vilevile, kama upana wa kidole gumba kila upande. Nilikuwa nimelipia milimita 20 za ziada na barabara ilikuwa haizigusi.

Tangu siku ile nimekuwa mkali kidogo kwenye habari hizi, maana vijana wengi wanaonunua Impreza, Altezza na Mark X wanatumia fedha ya kwanza kabisa kwenye upana, na fedha hiyo ingeweza kuwanunulia usalama wa kweli.

“Tairi likiwa pana, mpira mwingi zaidi unagusa lami”

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Gari halikalii mpira tu, linabebwa na upepo ulio ndani ya tairi. Chukua gari la tani 1 na nusu, yaani wastani wa kilo 375 kwa kila gurudumu. Ukijaza upepo wa psi 33 (psi ndicho kipimo cha msukumo wa upepo kinachosomwa kwenye geji), sehemu inayogusa lami inakuwa kama sentimita za mraba 160, takriban kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ukivalisha tairi pana zaidi kwa upepo uleule na uzito uleule, eneo hilo halibadiliki sana. Kinachobadilika ni umbo lake: linapanuka kwenda pembeni na kufupika mbele na nyuma. Ugumu wa ubavu wa tairi huyumbisha hesabu hii kidogo, lakini haupindui ukweli wake.

Je, upana hauna faida? Unayo, tusidanganyane. Umbo fupi na pana hufanya tairi liitikie usukani haraka zaidi kwenye kona. Mpira mwingi husambaza joto vizuri, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kutumia mpira laini bila kuungua mapema. Tena uwezo wa mpira kushika barabara haupandi sawasawa na mzigo: ukiubana sana sehemu moja, unapoteza. Ndiyo maana magari ya mbio za lami huvaa matairi mapana. Lakini faida hizo huonekana pale gari linapofikishwa ukingoni mwa uwezo wake, kwenye lami kavu na safi, na tairi likiwa limekaa kwenye rimu inayolitosha. Foleni ya Ubungo saa 12 jioni haina hata moja kati ya hayo.

“Rimu haina neno, tairi litaingia tu”

Litaingia, ndiyo. Mashine ya kuvalisha haina ubishi. Lakini kila kipimo cha tairi kina upana wa rimu unaoruhusiwa. 225/45R17 hukaa vizuri kwenye rimu ya inchi 7 hadi 8 na nusu. 245/40R17 huanzia inchi 8. Ukilibana kwenye rimu nyembamba kuliko hapo, mbavu zinavimba kwa nje na uso wa tairi unajikunja kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa. Katikati panabeba mzigo wote, kingo zinaning’inia. Hicho ndicho chaki ilichonionyesha. Ukikata kona, ubavu uliovimba unalala kwanza, kisha ndipo gari linageuka. Nilikuwa nikihisi gari limekuwa zito wa kusikia, nikalaumu shokamzoba.

Kuna wanaotatua tatizo la nafasi kwa kuweka spesa, kile kisahani cha chuma kati ya rimu na habu, ili tairi lisiguse kwa ndani. Spesa inasukuma gurudumu nje, mzigo kwenye beringi unaongezeka, na usukani unaanza kuvutwa na kila shimo.

“Tairi pana linashika vizuri zaidi wakati wa mvua”

Kwa dhana hii naomba msomaji atulie kidogo.

Tairi linapopita kwenye maji lina kazi ya kuyafukuza kabla mpira haujafika kwenye lami. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kufukuza kwa mbele, na kwa kuwa eneo lake la kugusa ni fupi, lina muda mchache zaidi wa kuyafukuza. Likishindwa, linapanda juu ya maji na kuelea. Walter Horne na wenzake wa NASA walilichunguza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya matairi ya ndege, wakapata kanuni inayotumika hadi leo kama makadirio: kasi ya kuanza kuelea inategemea upepo wa tairi. Kwa psi 33 inakuja kama km 96 kwa saa. Kwa psi 25 inashuka hadi kama km 83. Hayo ni kwa maji mengi yaliyozidi uwezo wa mifereji ya tairi, na kwa gari upana unaongeza hatari juu ya hapo.

Sasa jumlisha na tabia yetu ya kupunguza upepo ili gari “lilale vizuri”. Mimi nilijumlisha, mwezi Aprili wa mwaka mmoja, baada ya Mlandizi, mvua ya masika ikiwa imejaza mabonde yaliyochimbwa na malori kwenye lami. Nilikuwa kwenye 90. Ghafla usukani ukawa mwepesi, kama vile gari limenyanyuliwa kwa jeki. Sauti ya matairi ikapotea, nikabaki nasikia maji tu chini ya sakafu. Niliachia mafuta taratibu bila kugusa breki wala kukata usukani, na gari likarudi chini lenyewe. Ilichukua labda sekunde mbili. Mke wangu alikuwa amelala kiti cha pembeni na hakuamka.

Mabonde hayohayo yana ubaya wao hata jua likiwaka. Tairi pana lenye ubavu mfupi hufuata kila mstari wa barabara. Pale malori yanapopanda mlima taratibu na kuikandamiza lami, utajikuta unashindana na usukani.

“Matairi ya spoti ni ya kiangazi tu, mvua ikija yanateleza”

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya viwanja vya mbio, yenye mifereji michache na mpira unaohitaji kupashwa joto, kweli si ya kwenda nayo kazini masika. Lakini tairi zuri la spoti la barabarani, mfano Michelin Pilot Sport 4, limetengenezwa kwa mpira uliochanganywa na madini ya silika (silica), na silika ndiyo inayoufanya mpira ushike lami yenye maji. Kwenye maji litalishinda tairi la bei rahisi lenye kipimo hichohicho. Matairi haya hudhoofu kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Kwa Dar, Mombasa au Mwanza hilo halituhusu, kwa hiyo usikubali kuuziwa tairi la “misimu yote” eti ndilo salama zaidi kwako. Msimu ambao linaongezewa ni theluji.

Kinacholiua tairi la spoti kwenye mvua ni kuisha kwa kashata, yaani ule mpira wenye mifereji unaogusa barabara. Jipya huwa na kina cha kama milimita 8. Vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji hukuonyesha milimita 1.6, hapo tairi limekwisha. Mimi sisubiri vinundu. Likifika milimita 3 masika inakaribia, nabadilisha.

“Angalia magari ya mashindano”

Tuyaangalie basi. Gari la rali ya dunia huvaa rimu za inchi 18 kwenye lami, lakini likija Naivasha kwa Safari Rally linavaa za inchi 15 na matairi yenye ubavu mnene. Waliolijenga ni walewale. Wanachagua kwa kuangalia barabara.

Na kuna Toyota 86, gari la spoti lililotoka 2012. Toyota waliamua kwa makusudi kulivalisha 215/45R17, tairi la aina ileile iliyokuwa ikivalishwa Prius. Walitaka dereva wa kawaida alihisi gari likianza kuteleza mapema na kwa upole, kwenye kasi ambayo bado anaweza kulidhibiti. Tairi pana linaposhika sana, likija kuachia linaachia kwa kasi kubwa.

“Mawili ya mbele mapya, ya nyuma yatasubiri”

Kwa Mark X inayosukumwa na magurudumu ya nyuma unaweza kujitetea kidogo, ingawa matairi yenye kashata nzuri yanatakiwa kukaa nyuma. Kwa Subaru inayovuta kwa magurudumu yote manne, hapana. Subaru wanataka mizunguko ya matairi manne isipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Ikipishana, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi muda wote hata ukiwa umenyoosha barabarani, inachemka, na siku moja inagoma. Bei ya difu inanunua matairi manne na chenji inabaki. Ndiyo maana hata spea ya kipimo kingine usisafiri nayo Dar hadi Dodoma.

Leo nimerudi kwenye 225/45R17, namba ya mzigo 94, herufi ya kasi W. Upepo nafuata kibandiko cha mlangoni, naupima asubuhi kabla gari halijatembea. Kwa fedha niliyookoa kwenye upana nilipanda daraja la mpira, na kwenye kona za Kitonga gari linashika kuliko lilivyowahi kushika likiwa na 245.

Dukani, kabla sijatoa hela, naomba nionyeshwe tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama tairi linang’aa na bado lina lebo. Muuzaji akianza kuzunguka, narudi nilikotoka.