Mpangaji wa matumizi ya ardhi si mpima viwanja

Kijana akisema anasomea mipango ya matumizi ya ardhi, wengi humuuliza: "Kwa hiyo utatupimia kiwanja?" Wengine humwogopa, wakidhani atachora mstari kisha watu wahamishwe ili wanyama wapate nafasi. Dhana zote mbili ni potofu.

Mpima huonyesha mpaka ulipo. Mpangaji huanza na swali gumu zaidi: ardhi hii itumikeje, nani atafaidika, nani atapoteza? Hapo ndipo uchumi unapoingia. Msitu ukifyekwa, magunia ya mahindi huhesabika upesi. Lakini asali, kuni, malisho ya kiangazi na chemchemi navyo vina thamani, na asipokuwepo wa kuvihesabu huonekana kama vya bure. Kwangu mimi, hesabu hiyo ndiyo moyo wa taaluma hii.

Wala mtaalamu haamui peke yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mgawanyo wa ardhi ya kijiji upitishwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kukaa na mfugaji na mkulima mpaka waelewane.

Tazama Bonde la Yaeda, Mbulu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa huko walipata hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati inayotambua haki yao ya kimila juu ya ardhi, ya jamii nzima. Hakuna aliyewahamisha kwa ajili ya uhifadhi. Waliendelea kuwinda na kurina asali, na baadaye mauzo ya kaboni, yaani malipo ya kuitunza misitu yao inayofyonza hewa ya ukaa, yakaanza kuwaletea fedha.