Maswali ya Waliopasuliwa Saratani ya Umio

Umio wangu umeondolewa; chakula kinapita wapi?
Umio ni mrija unaoshusha chakula kutoka kooni. Sehemu yenye saratani hukatwa, kisha mfuko wa tumbo huvutwa juu hadi kifuani au shingoni na kuunganishwa na kipande cha umio kilichobaki.

Nile namna gani?
Kula kidogo mara sita hadi nane kwa siku, ukiwa umekaa wima, na usinywe maji mengi pamoja na mlo. Uji wenye sukari nyingi hukimbilia kwenye utumbo, ukakuletea jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Usilale mara baada ya kula, na uinue kitanda upande wa kichwani kwa matofali, kwa kuwa kile kilichokuwa kikizuia chakula kupanda hakipo tena.

Chakula kimeanza kukwama tena. Si kawaida kwa aliyepasuliwa?
Si kawaida. Rudi hospitali wiki hii hii, na ikiwa hata mate hayashuki, njoo leo. Mara nyingi kovu la mshono limebana njia, na daktari huitanua kwa kutumia kamera inayopitishwa mdomoni, bila kukupasua upya, ingawa wengine huhitaji kurudia. Ninachokiona kliniki ni mgonjwa aliyeacha ugali akahamia wali, kutoka wali akaenda kwenye uji, kisha uji uliochujwa, huku nyumbani wakifarijiana kwamba angalau anakunywa, hata anapoletwa mkanda wake umetobolewa matundu mapya matatu.

Naogopa kuambiwa saratani imerudi. Nisubiri tarehe yangu ya kliniki?
Tafadhali, usisubiri. Kovu na saratani hubana kwa dalili zilezile, wala mimi siwezi kuvitofautisha kwa kukutazama. Hata ikiwa imerudi, upo mrija maalumu unaoweza kuwekwa ili uendelee kumeza. Dawa za kienyeji za "kufungua koo" hazitanui kovu; zinakula wiki zako tu.

Na chai yangu ya moto?
Iache ipoe. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Sigara na pombe, acha kabisa.

Chakula kikikwama mara moja tu, kisha kikashuka?
Kikijirudia kesho yake, njoo.