Je, wajua kwa nini mashine ya kukausha hewa ya chumba cha mimea huchaguliwa kwa ndoo za maji unayomwagilia, si kwa ukubwa wa chumba?

Ukimwagilia mmea lita moja ya maji asubuhi, kiasi gani kitabaki mwilini mwake? Wengi hukisia nusu, wengine robo. Kwa mimea mingi kinachobaki ni asilimia 1 hadi 3 tu ya maji yaliyofyonzwa na mizizi. Yaliyosalia hupanda kwenye shina, hutokea kwenye vitundu vidogo vya majani viitwavyo stomata, kisha hupotea hewani yakiwa mvuke. Shambani hilo halimsumbui mtu, kwa kuwa upepo unapita na mvuke wake. Lakini ukiifungia mimea hiyo ndani ya chumba chenye taa, kuta nne na mlango, maji uliyomwaga asubuhi yangali humo jioni. Yamehama tu, yametoka kwenye udongo yakaingia kwenye hewa.

Hapo ndipo watu wanapokosea wakienda kununua mashine ya kukausha hewa. Kwenye boksi pameandikwa inafaa chumba cha mita za mraba kadhaa. Mnunuzi anapima sakafu yake, anaona inatosha, analipa. Kipimo hicho kilifikiriwa kwa sebule au stoo yenye ukuta mbichi, mahali ambapo unyevu huingia polepole. Hakikufikiriwa kwa chumba ambacho mwenyewe anaingiza maji kwa ndoo kila siku.

Tupige hesabu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5. Hewa yake ni mita za ujazo 22.5. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, mita moja ya ujazo wa hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 23 hivi za mvuke. Kwa hiyo chumba kizima, kikijaa mvuke hadi pomoni, kimebeba nusu lita tu ya maji. Sasa weka humo mimea iliyokomaa inayokunywa lita 10 kwa siku. Hiyo ni mara 20 ya uwezo wa hewa yote iliyomo. Hata ukianza siku na unyevu wa asilimia 60, yaani asilimia 60 ya mvuke ambao hewa hiyo inaweza kubeba, nafasi iliyobaki ni ya gramu 200 na ushee, na mimea hiyo, taa zikiwa zimewaka, itaijaza chini ya nusu saa. Ukiongeza mimea ndani ya chumba kile kile, sakafu haiongezeki hata hatua moja, ila kazi ya mashine inaongezeka kwa kila jagi unalomwaga.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni nyepesi: pima maji unayomwagilia kwa siku, toa yale yanayochuruzika chini ya vyungu na kwenda nje, na kinachobaki ndicho mashine italazimika kukinyonya. Upime mimea ikiwa mikubwa kabisa, si ikiwa miche.

Hata hivyo si mchana unaoharibu mazao, ni usiku. Tuseme taa zikiwaka chumba kina nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, yaani karibu gramu 14 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Taa zinazimwa, joto linashuka hadi nyuzi 18. Hewa ya nyuzi 18 hubeba gramu 15 na nusu tu. Hakuna tone lililoongezwa, lakini kipimo kimeruka kutoka asilimia 60 hadi 90. Likipatikana jani au ukuta wenye ubaridi zaidi kidogo, chini ya nyuzi 17, umande unatua hapo. Ni kweli kwamba mimea mingi hufunga stomata gizani, ila udongo mbichi na matangi ya maji yasiyofunikwa hayana cha kufunga. Ndiyo maana anayemwagilia jioni kabla ya kuzima taa anajitafutia shida mwenyewe. Mwagilia taa zinapowaka, ili siku nzima iwepo ya kukausha.

Umande huo ndio unaoliamsha kuvu la Botrytis cinerea, lile linalofunika maua na matunda kwa vumbi la kijivu. Mbegu zake huhitaji maji juu ya mmea, au hewa iliyokaribia kujaa mvuke, ili ziote. Ubwiri unga, kuvu jingine la majani, una tabia nyingine: hauhitaji jani lililolowa, kwa hiyo mtu anaweza kukausha hewa vizuri na bado akaukuta. Kuna pia madhara yasiyotokana na kuvu lolote. Kalsiamu husafiri mmeani ikibebwa na maji yanayopanda. Hewa ikijaa, maji hayapandi, na kalsiamu haifiki kwenye ncha changa za majani. Letusi huungua kingo za majani ya ndani ingawa mbolea imejaa tele kwenye maji. Nimeona watu wakiongeza mbolea wiki baada ya wiki kwa tatizo ambalo feni ingelimaliza.

Asilimia peke yake nayo hudanganya. Asilimia 60 katika nyuzi 20 na asilimia 60 katika nyuzi 30 si hewa moja. Kinachovuta maji kutoka kwenye jani ni pengo kati ya mvuke uliopo hewani na ule ambao hewa ingeweza kubeba. Katika nyuzi 20 pengo hilo ni karibu kilopaskali 0.9 (kilopaskali ni kipimo cha shinikizo), katika nyuzi 30 ni 1.7. Yaani hewa ya pili ina kiu karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Kwa miche, isiyo na mizizi ya kutosha, wakulima wa ndani hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 75. Mimea ikianza kutoa maua huishusha hadi kati ya 50 na 60. Chini ya hapo hupati faida kubwa, unachoma umeme tu, na mmea unaweza kufunga stomata ukajinyima chakula.

Sasa mashine zenyewe. Iliyo ya kawaida ni ya kompresa, na ukiifungua utaona ni binamu wa friji. Feni inavuta hewa na kuipitisha kwenye mabomba ya baridi. Mvuke unageuka kuwa matone, matone yanadondoka kwenye beseni, kisha hewa inapita kwenye mabomba ya moto na kurudi chumbani ikiwa kavu na ya joto zaidi. Kiyoyozi hufanya nusu ya kazi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba joto hulitupa nje. Si ajabu, kwani mhandisi Mmarekani Willis Carrier aliposanifu mtambo wake mwaka 1902, mama wa viyoyozi vya leo, shida aliyoitiwa haikuwa joto. Ilikuwa unyevu uliokuwa ukivuruga karatasi katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn.

Aina ya pili hutumia gurudumu lenye dawa ya kunyonya maji, kama silika au zeolaiti, ambalo huzunguka na kukaushwa kwa hita. Hula umeme mwingi zaidi kwa kila lita, lakini haitishwi na baridi. Ile ya kompresa, chumba kikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, mabomba yake huanza kuganda barafu na hulazimika kusimama ili iyeyuke. Kwa hiyo kama chumba chako hupoa sana usiku, gurudumu linastahili bei yake. Kama hakipoi, chukua kompresa. Zile ndogo za mezani zisizo na kompresa, zinazosifiwa kwa ukimya wake, hutoa mililita mia chache tu kwa siku. Zinafaa kabati la nguo.

Ukishajua lita zako, jihadhari na lita zilizoandikwa kwenye mashine. Namba hiyo ina masharti, na mara nyingi masharti yamechapwa kwa herufi ndogo. Mashine nyingi zinazotangazwa kuwa za lita 20 kwa siku zilipimwa katika nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hewa iliyojaa maji ya kunyonya kirahisi. Katika chumba chako cha nyuzi 25 na asilimia 60, mashine hiyo hiyo huweza kutoa nusu yake, pengine pungufu. Marekani walikwisha kuliona hilo. Tangu 2019 kanuni za serikali huko zinataka mashine za kubeba zipimwe katika nyuzi 18 badala ya karibu 27 za zamani, na zilizokuwa zikiuzwa kama za painti 70, sawa na lita 33, zikaanza kuandikwa painti 50, chini kidogo ya lita 24. Muulize muuzaji mashine inatoa lita ngapi katika joto na unyevu wa chumba chako. Akikosa jibu, ichukulie namba ya boksi kuwa imetiwa chumvi na uchague kubwa zaidi.

Kipimo kingine cha kuuliza ni lita kwa kila uniti ya umeme. Kwa mzigo wetu wa lita 10, mashine inayotoa lita 1 kwa uniti itakula uniti 10 kwa siku. Inayotoa lita 2 itakula 5. Zidisha kwa mwezi mmoja ndipo utajua ipi ni ghali.

Kuna jambo ambalo humshangaza karibu kila mnunuzi mpya: chumba kinapata joto. Si umeme wa mashine tu unaogeuka joto. Mvuke nao, unapogeuka kuwa maji, huachia lile joto uliloliteka ulipotoka kwenye jani, kiasi cha uniti 0.68 kwa kila lita. Mashine ya wati 500 inayotoa lita moja kwa saa inamwaga karibu wati 1,200 za joto chumbani, zaidi ya hita ndogo. Usiku wa baridi hiyo ni neema, kwa sababu inazuia lile anguko la nyuzi tulilolisema. Mchana wa joto, kiyoyozi kinalazimika kulitoa nje, na unajikuta unalipia mashine mbili zinazosukumana.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua chochote, itazame hewa ya nje. Hewa ya nyuzi 10, hata ikiwa na ukungu mzito, ina gramu 9 na kitu tu za mvuke kwa mita ya ujazo. Ukiiingiza na kuipasha hadi nyuzi 25 inakuwa kavu, asilimia 40 hivi. Feni ya kutolea hewa ingekutosha. Lakini hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina gramu 24, zaidi ya zile ambazo chumba chako cha nyuzi 25 kinaweza kubeba. Kufungua dirisha hapo ni kualika mafuriko.

Kipima unyevu nacho kijaribiwe kwanza. Changanya chumvi ya mezani na maji kidogo iwe kama uji mzito, uiweke pamoja na kipimo ndani ya chombo kisichopitisha hewa, uviache siku nzima. Kinatakiwa kusoma asilimia 75. Kikisoma 69, unajua kinapunguza 6. Kisha kitundike usawa wa majani, mbali na mwanga wa taa na mdomo wa mashine.

Mashine iwe na mpira wa kutolea maji unaoteremka hadi kwenye bomba la maji machafu, au pampu. Ya ndoo peke yake hujizima ndoo ikijaa, na ndoo ina mazoea ya kujaa saa nane za usiku. Ila kwa wiki ya kwanza kinga maji yake uyapime. Ukiwa umemwaga lita 10, ndoo ikakusanya 9, hesabu imefungana. Ikikusanya 4 na hakuna feni inayotoa hewa nje, pitisha kiganja kwenye kona za ukuta nyuma ya mimea, na uchungulie chini ya vyungu.