Anayepasuliwa ni tumbo, mbona sindano inachomwa mgongoni?

Natoa dawa za usingizi na ganzi hapa Kigoma. Maswali haya ya ganzi, hasa ile ya mgongoni kwa mama anayepasuliwa kujifungua, nayasikia kila wiki, mengine kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, mengine mgonjwa akiwa tayari kitandani.

Mbona mnanichoma mgongoni wakati mtoto yuko tumboni?

Mama, siku ukipita Kibirizi, pale ufukweni, tazama boti inayoundwa. Chini kuna mkuku, ule ubao mrefu wa kati, na kwenye mkuku yameshikiliwa mataruma yanayopinda kulia na kushoto mpaka juu. Mwili nao ni hivyo hivyo: mkuku ni uti wa mgongo, mataruma ni mbavu, jozi 12. Chini ya ukingo wa kila ubavu unapita mshipa wa fahamu uliotoka mgongoni. Ile ya juu inaishia kifuani. Ile ya chini haikomi mbavu zinapokoma. Inaendelea katikati ya tabaka za misuli ya tumbo mpaka mbele. Kwa hiyo ngozi ya kitovu chako inapata hisia kutoka mshipa wa kumi wa kifua, ambao chanzo chake ni mgongoni. Nikizima pale kwenye chanzo, sindano moja inatosha tumbo zima. Nikisema nizime tumboni kwenyewe, nitakuchoma mara nyingi na bado ndani utasikia maumivu.

Ndiyo maana nakugusa kwa pamba yenye spiriti nikikuuliza, "Hapa baridi? Na hapa?" Napima ganzi imepanda mpaka wapi. Kovu litakuwa chini ya kitovu, lakini nataka ganzi ifike usawa wa chuchu, huko kwa mshipa wa nne, kwa sababu utando wa ndani ya tumbo ukivutwa maumivu yake husikika juu kuliko mkato wenyewe.

Sindano ikigusa uti, si nitapooza?

Hofu hii siidharau. Lakini kamba kuu ya fahamu haifiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima inakoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sisi tunaingia chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Ndiyo maana napapasa mifupa ya nyonga zako kwanza, inanionyesha mahali. Pale ndani kuna maji, na nyuzi za fahamu zinaelea humo. Madhara ya kudumu ni nadra sana. Ukisikia kitu kama shoti kikishuka mguuni, sema papo hapo, ila usiruke.

Shangazi yangu alisema alijihisi hapumui. Kweli?

Alijihisi hivyo, na hakuwa anadanganya. Ganzi ikifika kifuani, huhisi tena mbavu zikipanda na kushuka, basi akili inadhani pumzi imekatika. Kumbe kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ndicho kinachofanya kazi kubwa ya kuvuta hewa, na mshipa wake unatoka shingoni, mbali na ganzi yetu. Mtu anayeweza kuniambia "sipumui" kwa sauti kamili, anapumua. Sauti ikififia au mikono ikilegea, hapo ni jambo jingine, nami niko kichwani pako kwa kazi hiyo.

Utasikia pia kuvutwa na kusukumwa. Hiyo ni kawaida. Maumivu makali si kawaida, yaseme. Kichefuchefu cha ghafla mara nyingi ni presha imeshuka, nasi tuna dripu na dawa yake.

Itaniletea mgongo wa maisha?

Hapana. Pale palipochomwa patauma siku chache. Mimba yenyewe inalegeza viungo vya kiuno, na wanaojifungua bila sindano yoyote nao wanalia mgongo.

Kinachoweza kuja kweli ni kichwa kuuma ukikaa na kupoa ukilala. Kinaletwa na maji ya uti kuvuja kwenye tundu la sindano. August Bier, daktari Mjerumani aliyeanzisha ganzi hii mwaka 1898, alikubali msaidizi wake amchome yeye mwenyewe. Sindano na bomba havikukaa sawa, maji yakamwagika, akalazwa na kichwa siku kadhaa. Sindano zetu ni nyembamba kuliko zake. Kichwa kikikupata, rudi hospitali, kina tiba. Kikiambatana na homa au shingo kukakamaa, usingoje kesho.

Baba alianguka kwenye mchikichi, mbavu mbili zimevunjika. Wamemchoma ganzi ubavuni. Si Panadol ingetosha?

Wakati mwingine inatosha. Shida ya mbavu si mfupa, mfupa utaunga. Shida ni kwamba mzee akiumia hapumui kwa kina wala hakohoi, makohozi yanabaki, nimonia inaingia. Kuchoma chini ya ukingo wa ubavu kunampa saa kadhaa za kukohoa vizuri. Si kazi ya kufanyia dukani: pafu liko jirani kabisa, na kutoka hapo dawa huingia kwenye damu haraka, ikizidi inaleta mlio masikioni, ulimi kufa ganzi, hata degedege. Na tafadhali, msimfunge kifua kwa kitenge. Mnamzuia kupumua.

Kwa nini nisile, na silazwi usingizi?

Kwa sababu ganzi ikigoma, tutahamia nusu kaputi, na ukilala usingizi huo chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni. Saa 6 bila chakula, migebuka itakungoja.

Miguu itarudi lini?

Mara nyingi baada ya saa 2 hadi 4. Ganzi huondoka kuanzia juu: kifua, halafu tumbo, miguu baadaye. Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha yote, na mara ya kwanza kusimama umwite nesi akushike, hata kama vidole vinacheza.