Hajatoa matumizi, basi asimuone mtoto? Sio hivyo

Hapa Malindi tumelisikia tangu tuko wadogo, eti wazazi wakiwa hawaishi pamoja, baba asipotoa matumizi, yaani pesa za kumtunza mtoto, basi mtoto hamuoni, na baba naye akinyimwa mtoto anafunga mfuko. Jamani, sio sheria hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, na baba na mama wana jukumu sawa kwake, wawe walioana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikakazia hapo hapo. Yaani haki ni ya mtoto, sio ya mama wala baba, ndio maana matumizi na kuonana ni mambo mawili mbali mbali, moja likikwama halizimi jengine. Kumfungia mlango mtoto anayemlilia babake kwa sababu ya pesa ya unga, mimi hilo linaniuma sana. Kiwango cha matumizi nacho hakiwekwi kumkomoa mtu, korti inaangalia kipato cha wote wawili na mahitaji ya mtoto, kwa hivyo mvuvi ambaye upepo wa kusi umemkalisha ufuoni asikimbie, arudi kortini aombe amri ibadilishwe. Na kama mtoto hayuko salama kwa huyo mzazi, hapo ndipo korti inaweza kuzuia wasionane.